Kusimamisha Direkta

Siku ya pili (Jumanne), tarehe 8, mwezi wa saba

Ninaanza kaye hii, daftari yangu, juu padri wetu Mupe René aliniambia ku konfesio: "Tata Lukusa, weye hauibake, haupigake muntu. Zambi yako ni moya: kuficha. Andika kila siku kile unaficha, kisha utaniletea." Niliitika. Nilijisemea: muntu wa miaka makumi tano na mbili, nitaficha nini tena? Kaye itabakia nyeupe.

Ilibakia nyeupe masaa mbili.

Nimeua Direkta!

Direkta haina mukubwa wa kampuni. Ni jogoo. Nyeupe pe, hata unyoya moya nyeusi hakuna. Bukwe wangu Tata Kabemba, baba wa bibi yangu Mado, njo alinipa na mukono yake. Mwaka jana Mado alinikimbia, alirudia kwao Kisenge, juu ya ile kisima ya samaki yenye nilichimba mu chumba ya kulala. (Maji ilikuwa kidogo. Samaki pia.) Bakubwa balikaa, balisema, balichoka. Kwa kumaliza, Tata Kabemba alinirudishia Mado pamoya na kuku nyeupe, sawa desturi inaomba. Alisema mbele ya bote: kama kuku hii inasimama mu lupango, mu kiwanja yako, maneno imekwisha. Kama inakufa, haina kosa, kuku inakufaka. Tuma habari siku ile ile, nitakupa ingine. Lakini kama unanificha, ni kusema haukutakaka amani, na mutoto wangu nitamukamata, arudie kwetu.

Bantu bote balisikia. Mi pia nilisikia. Hakuna pa kutokea.

Sasa Mado alienda Kisenge kumuleta baba yake. Batafika siku ya Mungu, ya misa. Muzee anataka kuona Direkta, tangu mwaka jana hajamuona. Na Direkta, na hii vumbi ya makamio, malori ya mine, alikuwa rangi ya tofali. Haya! Nilimuosha. Sabuni, kisha bleu kidogo, ile ya kufulia mashati. Baridi ya mwezi wa saba, mnaijua. Alitetemeka. Huruma ilinishika. Nilimuweka mu jikoni, kando ya mbabula yenye makala mingi, nilifunga mulango na dirisha juu upepo isimupige. Kisha nilienda kuangalia jirani Mechack namna anajenga ukuta yake mupya. Anajenga mubaya. Nilikawia juu ya kumuonesha.

Kurudia, jikoni yote ni hewa ya makala. Direkta amelala kando. Safi! Sijamuonaka safi vile.

Nimemuua na usafi.

Nilikamata telefone. Niliiweka chini. Nitasema nini? Tata, amani yenu nimeiua na sabuni? Nilimufunga mu mufuko ya unga, nilimutia mu frigo chini ya samaki ya Mado. Kesho nitatuma habari.

Mangaribi Mechack alipanda juu ya malata, mabati ya nyumba yake, telefone ku sikio, eti anatafuta rezo. Anajionesha tu.

Siku ya tatu, tarehe 9

Sikutuma habari. Na leo haina tena siku ile ile. Kutuma leo ao kutuma ku Noeli, ni moya. Kwa hiyo hakuna haraka.

Na nimepata njia!

Mu telefone kuko video. Muzungu moya wa ndevu anakamata ndege yenye ilikufa, anaivua ngozi sawa muntu anavua koti, anajaza ndani, anaiweka juu ya muti. Ndege inakuangalia! Unaweza kuisalimia! Luga yake siijue, labda ni ya Barusi, lakini mikono haina luga. Niliangalia mara ine.

Njo hivi: Direkta atasimama mu kibanda yake, nyuma ya wavu, mu kivuli. Macho ya Tata Kabemba haina tena ya zamani. Ataona nyeupe. Ataona kusimama. Na yeye mwenyewe alisema nini? "Kama kuku inasimama." Kupumua hakutaja.

Muntu mwenye anaanza, anaanza na kidogo. Mechack anafuga njiwa. Nilienda kwake, nilinunua moya, nilisema ni kwa supu, niko na kikohozi. Nilikohoa. Aliniangalia sana. Aliniuliza Direkta eko wapi, juu leo asubui hakumusikia kulia. Nilisema amechoka. Mechack alisema: "Pole yake." Na ile uso yake ya mukubwa wa korali! Ku misa anaimba amefunga macho, sawa Mungu anamusikia yeye tu.

Njiwa sasa. Muzungu anakata ku kifua, kidogo, kisha anasukuma na bidole, na anatia unga juu damu isipake manyoya. Nilitia unga ya bukari, ile ya ugali. Nilisukuma. Ngozi ya njiwa ni karatasi ya Biblia! Ilipasuka ku kifua, ilipasuka ku mugongo, mukia ilibakia mu mukono. Nilifika ku shingo, nilivuta. Kichwa ilifuata nyama, haikufuata ngozi. Kwa mwisho nilikuwa na bitu mbili pa meza: njiwa yenye haina ngozi, na ngozi yenye haina njiwa. Ya kwanza niliipika. Ya pili niliijaza pamba.

Mupe alisema niandike kweli. Ni soksi. Soksi yenye iliota manyoya.

Kile nilificha leo: njiwa, kikohozi, unga ya Mado kilo mbili.

Siku ya ine, tarehe 10

Muzungu anapaka ngozi na dawa ya unga, nyeupe. Inaitwa borax. Nilienda ku farmasi ya Mama Tatiana. Aliniuliza ni ya kufanya nini. Haya yote inaanzaka pale, ku ile swali! Nilisema ni ya mende. Alisema oho, kwa mende kuko dawa ya muzuri kupita, na aliniuzia ile. Sikukuwa na namna ya kukataa. Sasa niko na dawa ya mende, na borax hakuna. Mu nyumba mende moya haionekane tena. Kuku njo bado.

Kisha nilifikiri makayabo. Samaki ile inatoka mbali, ku bahari yenye sijaonaka, inakaa ku soko miezi na miezi, na inabakia samaki. Inaikamata nini? Chumvi! Bazungu bajifunze kwetu. Nilinunua chumvi, na ndimu pia, juu Mado hatiake chumvi ku samaki bila ndimu.

Direkta alitoka mu frigo. Nilimuacha alegee. Nilivaa tablie ya Mado, ile ya kupikia. Nilikata.

Sitajisifu, kaye hii ni ya toba. Lakini masaa matatu, na ngozi ilitoka nzima! Kichwa pale, mabawa pale, miguu pale. Nilipasua fasi mbili tu, nilishona na uzi ya Mado. Nilimuongelesha Direkta kazi yote. Nilimuomba musamaha juu ya sabuni. Ni muntu wa kusikiliza.

Nyama yake sikuila. Kula amani ya familia peke yangu, na bukari? Hata mi niko na mupaka. Nilimuzika nyuma ya choo na sala fupi.

Sasa mifupa. Muzungu anatumia nsinga, waya ya chuma: moya ku shingo, mbili ku miguu, mbili ku mabawa. Chuma! Hapa Kolwezi! Chuma inaota kutu. Siye tunakalia mukuba, dunia yote inakuya kutafuta hapa shaba yetu, na mi nitie chuma mu jogoo ya bukwe? Nilikuwa na motere ya zamani ya ventilatere, ile ya kuleta upepo. Nilifungua, nilitosha mukuba ya kutosha, inangaa sawa jua. Niliipitisha yote. Direkta eko na mifupa ya shaba. Hata bafalme ba zamani habakuzikwaka hivi.

Chumvi nilitia mingi. Ndimu nilitia mingi kupita.

Siku ya tano, tarehe 11

ANASIMAMA!

Shingo imekuwa ndefu kidogo, sawa muntu anachungulia ukuta. Muguu moya iko mbele, moya nyuma, sawa anaenda kulipa kodi bila kutaka. Lakini anasimama, miguu imefungwa ku ubao, na ubao nitaifunika na majani. Macho njo ilikosa. Nilikata bifungo mbili ya koti yangu ya ndoa, rangi ya kahawa, nilimutia. Mara moya akawa na akili. Alinishangaa. Nilimusalimia kweli, na sauti.

Mechack alikuya, eti anarudisha nyundo. Nyundo yenye nilimuazima tangu miaka mbili! Aliniuliza supu ya njiwa ilikuwa je, na kikohozi. Nilikohoa. Alinipa dumu ya munkoyo, kinywaji ya mahindi, bibi yake Simone njo alinitumia, ya kifua. Kisha alisimama pa mulango, haingie, haende. Alisema: "Tata Lukusa, kama kuko kitu, sema tu. Siye ni bajirani." Nilisema hakuna kitu. Alisema: "Ehe." Alibakia tena, sawa muntu anangoja kuulizwa swali. Sikumuuliza. Mupelelezi! Anataka kuniona nianguke, aimbe juu yangu ku misa, macho imefungwa.

Munkoyo ilikuwa tamu. Naandika na hiyo.

Kisha Mado alipiga telefone. Aliuliza nyumba, aliuliza frigo, aliuliza kama ninakula. Kisha aliuliza: "Na Direkta?" Nilisema: anasimama muzuri. Kweli tupu! Nilisikia makuku ya Kisenge nyuma yake. Alisema: "Lukusa. Hakuna kitu ya kuniambia?"

Nilisema hapana.

Alisema: "Basi, ulale muzuri." Miaka makumi mbili na ine niko na huyu mwanamuke. Ile sauti ninaijua. Haina sauti ya kasirani. Kasirani ningeipenda. Ni sauti yenye alikuwaka nayo asubui ile alikunja manguo yake polepole, moya moya, na mi nilikuwa ndani ya kisima ninahesabia samaki.

Nilishika telefone tena. Kama Mado anaenda mara ya pili, harudie, hiyo hata Direkta anajua. Niliangalia Direkta. Alikuwa amesimama muzuri sana. Kazi yote ile! Niliweka telefone chini.

Siku ya posho (Jumamosi), tarehe 12

Yesu Maria!

Asubui nilienda kumuangalia. Kifua yake, rangi ya majani. Shingo, rangi ya majani. Miguu sawa ya chura. Fasi yote mukuba ilipita, chumvi na ndimu viliikamata, na inatoka inje, sawa ile maji ya karibu na mashimo ya mine. Jogoo nyeupe ya amani inakuwa malakiti, ile jiwe ya rangi ya majani!

Na anaanza kunuka. Kidogo. Makayabo ya mubichi.

Nilimupanguza na unga. Unga ilikutana na maji ya chumvi, ikakuwa bukari. Nilimutosha bukari na kisu. Manyoya ya mukia ilitoka nayo, ine. Nilimuweka ku jua. Kunguru tatu zilikuya kukaa juu ya ukuta, zinamuangalia, hazisemi kitu. Sijasikiaka haya namna ile.

Kisha niliona, nyuma ya ukuta ya Mechack, pipa ya chokaa yake. Mechack alikuwa ku repetisyo, mazoezi ya korali. Nilikamata ndoo moya. Nitaomba kisha.

Direkta ni nyeupe! Nyeupe kupita wakati alikuwa muzima! Ukimugonga na kidole analia sawa ukuta, lakini nani atamugonga? Mukia nilibandika na kole. Nilimuweka mu kona ya giza ya kibanda, majani juu ya ubao, mahindi mbele yake juu aonekane na njaa.

Ilibakia sauti. Nilichuchumaa nyuma ya kibanda, nilijaribu kulia sawa jogoo. Mara moya tu. Mama Simone alipandisha sauti ku ukuta, aliuliza ni nani anakufa.

Kesho atakuwa jogoo wa kunyamaza.

Siku ya Mungu, tarehe 13

Nitaandika yote mu musitari.

Balifika saa saba ya muchana, na kamio moya ya kubeba makala, vumbi tangu kichwa hata ku biatu. Tata Kabemba na kofia na fimbo yake. Mado na kitunga pa magoti, imefunikwa na kitambaa. Mechack na Simone bakafika pia kusalimia, na hakuna mwenye alibaita. Nilikuwa nimepanga biti mbali na kibanda, na jua mu macho.

Muzee hakukaa. Alisema atamusalimia kwanza Direkta. Nilisema: Tata, mupumzike, mukunywe maji, Direkta hapendake bantu ku muchana. Alisema yeye haina bantu, yeye njo alimulea. Alienda. Nilimufuata.

Aliweka uso ku wavu. Aliangalia. Wakati mingi.

Alisema: "Amekonda."

Nilisema ni baridi.

Alisema: "Ameota rangi ya majani ku kifua." Chokaa ilikuwa inabambuka. Nilisema: Tata, anakula mboga mingi.

Alisema: "Na macho. Ananiangalia sawa koti yako." Niliangalia koti yangu. Kifungo moya tu ilibakia, ya chini.

Mado aligeukia ukuta, mabega inatetemeka. Nilijua analia. Roho yangu ilikufa pale.

Tata Kabemba alifungua kibanda, alitia mukono, alimunyanyua Direkta. Ubao ilikuya naye. Chokaa ilianguka chini, pa, pa, pa. Na mukuba, ni laini, hiyo kila mutoto wa Kolwezi anajua, mi tu nilisahau. Shingo ilianza kuinama. Polepole. Polepole. Direkta aliinama hata kichwa ilifika chini, sawa notable wa kijiji anasalimia mufalme mu Musumba. Kifungo moya ilitoka, ikatembea, ikafika ku kiatu ya muzee.



Nilipiga magoti. Nilisema yote: sabuni, mbabula, frigo, njiwa, mende, ndimu, chokaa ya Mechack. Nilisema: Tata, mumukamate mutoto wenu, muko na haki. Mulinipa siku moya ya kusema. Nilikuwa nayo mu mukono. Niliifunga mu mufuko ya unga.

Mado aligeuka. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, machozi inashuka, alikaa chini na kitunga yake, hakuweza tena kusimama.

Tata Kabemba alisema: "Habari ilinifikia siku ya pili, mangaribi."

Siku ya pili! Siku ile ile!

Alisema jirani wangu aliniona juu ya ukuta, namna ninafunga kuku mu mufuko, njo alipiga telefone, alisema: Tata, Lukusa amenituma kuwaambia kuku imekufa, yeye analia, hawezi kusema mwenyewe. Niliangalia Mechack. Mechack alikuwa anaangalia biatu yake. Ku malata! Hakuwa anajionesha! Alisema uongo juu ya kuniokoa, yeye mukubwa wa korali, mi nilikuwa ninamuona sawa mupelelezi na munkoyo yake mu kinywa yangu.

Muzee alisema: habari ilikuya siku ile ile. Ni kinywa gani ilileta, desturi haiulizake. Alitosha kitambaa ku kitunga. Jogoo nyeupe. Muzima! Alimuweka mu mikono yangu, na yule alinipiga na muguu ku tumbo. Sijafurahi vile kupigwa.

Lakini Mado aliacha kucheka. Alipanguza macho na kitambaa ile. Alisema: "Baba amemaliza. Mi bado. Tangu siku ya pili tulijua. Nilikungoja siku ya tatu. Nilikungoja siku ya ine. Siku ya tano nilikuuliza na kinywa yangu, Lukusa, na weye ulisema hapana." Alisema kuku haina kitu kwake, hata zikufe zote. Alisema: siku ingine unanificha kitu, hata kidogo, sitangoja baba kuya kunikamata. Nitajikamata mwenyewe.

Aliingia mu nyumba. Alifungua frigo. Nilimusikia anahesabia samaki.

Siku ya kwanza, tarehe 14

Nilipeleka kaye kwa Mupe René. Alisoma yote mbele yangu. Mara tatu aliweka uso mu mukono ya kanzu na alikohoa. Alinipa rozari tatu, na kumuomba Mechack musamaha, na kumurudishia chokaa.

Nilienda. Mechack alisema: "Tata Lukusa, acha. Ujirani njo ile." Hakujisifu hata kidogo. Nilimusaidia ukuta yake saa mbili. Haijengwi mubaya sana.

Tata Kabemba anarudia Kisenge kesho. Aliomba abebe Direkta, ule wa mukuba. Anataka kumuweka mu salo, fasi ya kupokea bageni, amuoneshe barafiki yake. Nilimunyoosha shingo, nilimurudishia kifungo. Nilimuambia: Tata, asikae ku mvua. Kazi yangu ya kwanza, na inasafiri!

Niliandika ile na sikusikia majivuno. Kidogo tu.

Siku ya tatu, tarehe 16

Kaye ni nyeupe leo. Ninamuambia Mado yote. Nilimuambia juu ya dawa ya mende. Nilimuambia nilitumia uzi yake. Nilimuambia mwaka wa kwanza ya ndoa nilisema ninapenda sombe, ile majani ya muhogo ya mama yake, na haikuwa kweli. Alisema hiyo ningeweza kuibakisha. Lakini alinipa kipande mukubwa ya samaki, na mangaribi alikaa kando yangu inje, hatukusema kitu. Hii njo amani. Hainuke.

Direkta wa Pili analia asubui sawa trompeti.

Siku ya tano, tarehe 18

Nitaandika haraka.

Mado alikuwa ku soko. Nilifungua kibanda, kwa kupima tu! Na kamba, shingo ya Direkta wa Pili, nijue fasi nilikosea urefu. Ni masomo. Muzungu mwenyewe anapimaka. Direkta wa Pili hakupenda. Alipita chini ya mukono yangu, alipanda juu ya choo, na hapana tena. Nilizunguka kartie yote ninaita.

Nilisema: nitamuambia Mado. Akifika tu, nitamuambia.

Lakini kupotea haina kufa. Kupotea ni safari. Nani anatangaza safari ya jogoo? Na ku barabara ya Nzilo kuko mama moya anauzisha kuku, na alikuwa na jogoo nyeupe, sawasawa yule. Ilikuwa na manyoya mbili nyeusi ku mukia. Niliinunua, nilitosha ile mbili, nilimufungia mu kibanda.

Mado alirudia, aliangalia kibanda. Alisema: "Leo ametulia." Nilisema ndiyo.

Haina uongo. Ametulia kweli.

Siku ya posho, tarehe 19

Asubui Mechack alikuya, anacheka na roho yote, mukono juu ya bega yangu. Alisema: "Tata Lukusa, tangu jana kuko jogoo nyeupe mu lupango yangu, anakula mahindi ya banjiwa. Haina ya kwenu?"

Mado alikuwa pale, na beseni ya manguo. Aliweka beseni chini. Aliniangalia.

Nilisikia neno inapanda mu koo, neno moya tu, ile ya kweli. Ilifika hata ku meno.

Nilionesha kibanda. Nilisema: ya kwetu njo ile.

Mechack aliangalia kibanda. Aliangalia mukia. Aliniangalia. Alibakia pa mulango, haingie, haende. Mado naye hakusogea. Nilisema tena, na sauti kubwa: njo ile, ya bukwe!

Mechack alisema: "Ehe. Basi kama haina ya muntu, kesho kisha misa tutaila. Mukuye bote mbili. Tata Lukusa, weye njo mukubwa, firigisi ni yako."

Mado alinyanyua beseni yake. Alisema aksanti, tutakuya. Alisema ana mambo ya kuniuliza pa meza, mbele ya firigisi. Kisha alianza kukunja manguo yenye ilikauka, polepole, moya moya.

Ni kazi ya siku ya posho ile, kukunja. Hakuna kitu ndani.

Firigisi ya jogoo ya bukwe! Lakini kukataa ni haya mbele ya jirani. Nilimukimbilia Mechack mu njia, nilimushika ku shati. Alisimama mara moya, uso yake ilifunguka, alisema: "Ndiyo, Tata? Sema."

Nilimuomba tu bamuchune polepole, ngozi ibakie nzima.